Kamba Isisimame

Mabula mwanangu,

Watu waliosoma sana huanza barua kwa kuulizia hali. Mimi hali yako naijua. Leo asubuhi nimekuona ukimaliza uji wako na uji wangu, kisha ukapanda baiskeli ya watu kwenda Maganzo kumuaga shangazi yako, mbio kama umeiba. Kwa hiyo salamu tuziruke. Naandika mchana huu huu, nimekaa penye kivuli cha minyaa, shati langu limeanikwa na bado linachuruzika maji. Kwa nini lina maji nitakueleza huko mbele. Ukirudi jioni nitakupa karatasi hizi mkononi, nawe utazisoma kesho ndani ya lori, si mbele yangu. Mbele yangu utacheka, nami nitacheka, tutapigana makofi ya mgongo, halafu tutalala hatujaambiana kitu. Ndivyo tulivyo sisi wawili. Mama yako anasema midomo yetu imefinyangwa na mfinyanzi mmoja, tena siku aliyokuwa na haraka.

Mwandiko usiucheke. Darasa la pili la misheni si mchezo, na nilitoka mwenyewe, sikufukuzwa, ingawa mwalimu ana hadithi yake. Wewe umefika la nne, basi palipopinda panyooshe kichwani mwako.

Mambo ya kufua nguo, kuamkia wakubwa, kutolala na miguu michafu, kuchagua marafiki, hayo yote nayaacha. Mama yako amekufungia michembe ya viazi na maneno katika mfuko mmoja, na nina hakika michembe itaisha kwanza.

Mimi nina jambo moja. Nataka utoke hai katika lile shimo la Geita.

Kazi uliyoipata umeipata kwa mdomo wangu. Hilo hulijui, kwa sababu wewe unadhani Shija ng'wana Bundala alikuja hapa kwetu kwa sifa zako. Zilikuwa sifa zako kweli, ila mwenye kuzitangaza ni mimi. Tulikuwa kilabuni, pombe ya mtama ilikuwa nzuri siku ile, na jirani mmoja alikuwa akimsifu fahali wake mpaka ungedhani fahali anajua kusoma. Mimi sina fahali. Ng'ombe wetu waliisha na ukame, unajua. Nikaona siwezi kukaa kimya kama mtu asiye na kitu, nikamsifu mwanangu. Nikasema Mabula anazama katika lambo, kundi zima la ng'ombe linafika, linakunywa, linaondoka, ndipo anaibuka kuuliza kama kuna aliyemwita. Chumvi niliitia. Kundi lenyewe nililiongeza.

Watu walicheka, Shija hakucheka. Aliweka kibuyu chini akaniuliza kama mtoto huyo anapenya penye giza. Nikamjibu anapenya hata tumboni mwa chatu. Kesho yake alikuwa amesimama uani kwetu, yeye mnyapara mzima, kofia mkononi.

Kazi umeelezwa, lakini umeelezwa na mtu anayetaka uifanye. Ngoja nikueleze mimi niliyeifanya kabla wewe hujaota meno. Mvua zikikatika, shimo la dhahabu huwa limejaa maji. Pampu inavuta maji kwa bomba, na mdomo wa bomba ulioko chini una kichujio. Kichujio kinaziba kwa tope na vipande vya miti, pampu inaanza kukohoa kama mzee, na hakuna njia ya kukizibua ila mtu ashuke. Anafungwa kamba kiunoni, anakumbatia jiwe, anazama gizani, anakikwangua kwa vidole. Akimaliza anaitikisa kamba, na wenzake walio juu wanamvuta. Basi. Ukiambiwa hivyo unaona ni kazi ya kwenda na kurudi. Kwenda ni rahisi, jiwe linajua njia.

Nilijaribu kukuzuia, utakumbuka. Nilikuja na sauti ya ubaba, ile ninayoitumia mara chache maana hainikai vizuri. Ukaniambia, "Baba, si wewe uliyenifundisha kuogelea?" Nikaomba tumbaku. Unataka ng'ombe wako mwenyewe, unataka usimame uani kwako ukohoe na watu wasikie. Siwezi kukulaumu. Umri wako nilitaka hayo hayo, na kikohozi changu kilikuwa kikubwa kuliko chako.

Sasa nisikilize habari za wadudu.

Najua utasema mzee ameanza. Najua na watu wa hapa Samuye wanavyosema. Wanapita na mifugo yao wanamwona mtu mzima amelala kifudifudi ukingoni mwa lambo, pua inagusa maji, wanadhani pombe ya jana haijamwisha. Nilikuwa shule, Mabula. Darasa la tatu, la nne na mengine yote niliyoyakosa nimeyasoma pale, na mwalimu hakuwahi kunichapa.

Kuna kile kidudu kinachoogelea chali, tumbo juu, kama mlevi aliyeanguka nyuma ya nyumba. Kina miguu miwili mirefu, na kila mguu una vinyweleo kama ufagio. Kikivuta mguu kwenda nyuma, vinyweleo vinafunguka, vinashika maji, nacho kinaruka mbele. Kikirudisha mguu, vinyweleo vinalala, mguu unapita mwembamba kama uzi, na maji hayana habari nao. Nilikitazama siku nyingi kabla sijaelewa. Kumbe nguvu si kitu. Mjinga hupiga maji kwenda na kurudi kwa hasira ile ile, anajisukuma mbele na kujirudisha nyuma, halafu anashangaa mbona yuko palepale. Ujana wangu wote uliogelewa hivyo.

Kuna mende wa maji, mgongo wake laini kama kokwa iliyolambwa, hana kona hata moja. Maji yanampapasa yakitafuta pa kumkamata, hayapaoni. Kuna mtoto wa kereng'ende, yule mbaya wa sura anayekaa matopeni. Akitaka kukimbia hahangaiki na miguu. Anayavuta maji kwa nyuma, anayabana, anayatoa kwa nguvu huko huko nyuma, naye anafyatuka mbele. Yaani anakwenda kwa kujamba maji. Wewe ulipokuwa mdogo ulijaribu. Sitasema zaidi, huenda kuna mtu anachungulia karatasi hii begani mwako. Na yule mwenye miguu ya uzi anayetembea juu ya maji bila kulowa mwache, huyo ni karani.

Lakini walionifundisha kitu ni wale wadogo kabisa, walio sawa na punje ya uwele. Lala kifudifudi siku moja uwatazame. Wakipiga kasia, wanaruka. Wakiacha, wanasimama. Sisemi wanapunguza mwendo. Wanasimama papo hapo, kama wamegonga ukuta. Mkokoteni ukiusukuma ukauachia, unaendelea kidogo wenyewe. Kwa hao wadogo maji ni mazito kama uji ulioganda, hayampi mtu hatua ya bure. Mtu ni mkubwa, maji humwachia kidogo, lakini ni kidogo kweli. Mtu aliyefungwa kamba kiunoni, kaptula imejaa maji, akivutwa mara moja na kuachwa, anateleza urefu wa mkono wake, kisha anasimama.

Nikafunga ndoo kwa kamba nikaivuta ndani ya lambo, watoto wakanizunguka wakidhani baba wa Mabula sasa anavua ndoo. Nikivuta polepole bila kuacha, ndoo inakuja kama mbwa anayempenda mwenyewe. Nikivuta kwa kishindo, ndoo inageuka ng'ombe dume. Ukiongeza haraka kidogo, maji yanaongeza ubishi mwingi. Na kishindo kikiisha, ndoo inasimama, unaanza upya kutoka mwanzo. Unatumia nguvu zaidi, unafika umechelewa zaidi.

Nilipoyaelewa hayo sikufurahi. Niliketi pale ukingoni na ndoo yangu nikamwona Makoye.

Baba yako mdogo Makoye unamjua kwa jina na kwa kaburi. Mengine tumekuambia nusu nusu. Tulilelewa kwa wajomba kule Uzinza, kando ya ziwa, ndiyo maana sisi wawili tulijua kuogelea, jambo ambalo hapa Samuye watu walilitazama kama uchawi. Mimi nilikuwa msemaji. Yeye alikuwa mtu. Wajomba walipotaka kazi ifanyike walimwita yeye, walipotaka kucheka waliniita mimi, nami nilidhani nimependelewa.

Pale shimoni tulipokezana. Akishuka yeye, mimi niko kwenye kamba. Nikishuka mimi, yuko yeye. Zamu yangu ya kamba watu waliipenda, maana nilikuwa mwimbishaji. Unajua tunavyolima kwetu: mmoja anatupa ubeti, safu inaitikia, majembe yote yanaanguka pamoja, puu. Pumzi. Ubeti mwingine. Kwa jembe ni sawa kabisa, udongo unangoja. Tulikwenda nayo mgodini desturi hiyo kama tulivyokwenda na michembe. Tulivuta ndoo za mawe hivyo hivyo, ubeti, kiitikio, vuta. Ubeti, kiitikio, vuta. Jiwe likining'inia hewani kati ya ubeti na ubeti halidhuriki. Basi na mtu tukamvuta hivyo. Hakuna aliyekaa akaamua. Mikono yetu haikujua kuvuta kwa namna nyingine.

Siku ile maji yalikuwa juu kuliko kawaida. Makoye akashuka na jiwe lake. Kichujio kilikuwa kimeziba vibaya, alikaa sana. Kamba ikatikisika, nikaanza wimbo. Kina mama wauza uji walikuwa wamekaa pale pembeni, na mimi nikiona watu wamekaa pembeni siwezi kujizuia. Nikatunga ubeti wa papo kwa papo, kwamba Makoye amekwenda kuposa kwa vyura kwa sababu wasichana wa juu wamemkataa. Watu wakacheka. Wavutaji wakacheka, na mtu anayecheka haitikii upesi, kwa hiyo kimya kati ya kuvuta na kuvuta kikarefuka. Kamba tulikuwa tumeizungusha kwenye gogo, haikurudi chini, hakuna aliyehisi uzito. Nikaona ubeti umependwa. Nikaongeza mwingine, wa mahari ya vyura.

Huko chini Makoye alikuwa amesimama gizani, anangoja nimalize.

Alipotokea, mikono yake ilikuwa imebana ubavuni. Ndivyo tulivyoagizwa, nawe utaagizwa hivyo: ukivutwa usitapetape, bana mikono, usije ukakwama kwenye magogo yaliyoshikilia kuta. Alikuwa amebana vilevile. Hakuwa ametapatapa. Alikuwa ametulia kama mtu anayevutwa na ndugu yake.

Mwenye shimo akasema ni moyo. Mnyapara wa wakati ule akasema ni wenye maji, mizimu ya shimoni. Sisi wengine tukasema ni mkono wa mtu. Bibi yako aliniuliza neno moja tu: Makoye alipokuwa akipanda, ninyi mlikuwa mkifanya nini. Nikamwambia tulikuwa tukivuta. Hakuuliza tena. Mpaka alipofariki sikuimba katika ua wake, naye hakuniomba niimbe.

Hakuna aliyeisema kamba. Kamba tuliivuta vizuri, kwa wimbo, kama watu.

Halafu nikafanya ujinga mwingine, na huu nataka uujue kwa sababu utakutana nao huko machimboni kila mara mtu anapokufa. Nilitafuta wa kumchukia. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kagongwa aliyewahi kugombana na Makoye kwa ajili ya jembe. Nikaacha kuitikia salamu yake. Mdomo wangu unavyojulikana, sikuhitaji kusema mengi. Watu wakaacha kumsalimia, wakaacha kukaa naye kwenye moto, mkewe akawa anachota maji peke yake. Akafunga mizigo akarudi kwao. Kwa wakati ule niliona nimefanya jambo la kiume.

Ni wadudu wale wa uwele walionitoa katika hilo. Siku nilipowaona wanasimama, nilijua Makoye hakurogwa na mtu. Nikatembea mpaka Kagongwa. Mzee alikuwa amezeeka kweli, anapukuchua mahindi mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, unanijua, yalikuwa maneno mazuri, na yote yakanitoka. Nikamwambia tu kwamba ilikuwa ni namna ya kuvuta. Akanisogezea kigoda kwa mguu. "Umechelewa sana," akasema, "lakini kaa." Tukapukuchua. Mkewe hakutoka ndani.

Sasa nije kwenye shati lililolowa.

Asubuhi ya leo, ulipopotea tu na baiskeli, nilimwita Shija pamoja na wale watu wa kamba mtakaopanda nao lori. Nikawapeleka kwenye lambo, upande wa tuta ambako kina ni kirefu. Nikawaambia mimi ndiye nitakuwa mzigo. Shija akanitazama kifua, akasema kifua hicho si cha kuzama tena. Ni kweli, tangu enzi zile sikio langu la kushoto linavuja na pumzi yangu ni ya kuku. Nikamwambia kuku naye hunywa maji. Nikajifunga kamba, nikakumbatia jiwe, nikaenda.

Mara ya kwanza nilitaka wavute kwa desturi yao. Nilitaka nijue. Miaka yote hii nimekuwa nikikisia kwa ndoo.

Unavutwa, maji yanakupiga usoni kama kofi. Unasimama. Unahisi umesimama kabisa, kama umesahaulika. Unataka kupiga miguu, unakumbuka umeagizwa usipige. Unavutwa tena, kofi tena, unasimama tena. Hayo niliyategemea. Ambalo sikulitegemea ni kwamba wimbo unafika.

Nilidhani huko chini ni kimya. Si kimya, Mabula. Kamba ikikazwa inatetemeka, na sauti za watu wanaoivuta zinashuka nayo mpaka kiunoni mwako. Nilisikia kwa tumbo langu. Niliweza kutofautisha sauti ya Shija na sauti za wengine, na nilijua ubeti umefika wapi na bado umebaki kiasi gani.

Kwa hiyo Makoye alisikia habari za vyura. Alijua ni mimi. Alijua kwamba bado sijamaliza.

Nilitoka nikitapika maji, wote wakaangua kicheko, wakadhani ninaigiza. Sikuwakasirikia. Mtu akiigiza maisha yake yote, siku ya kweli watu hulipa kicheko kile kile.

Nilipopata pumzi nikawaambia sasa wavute bila kusimama. Waitupe kamba mabegani, wageuke, watembee nayo kama maksai, na wanyamaze, maana wimbo wao wa jembe ndio unaowasimamisha. Shija akakataa. Hakukataa kwa ubishi, alikataa kwa heshima, na hilo ndilo gumu kulijibu.

"Kwetu anayebebwa kimya ni maiti, Jilala," akasema. "Mimi mwanao simvuti hivyo."

"Na yule tuliyemvuta kwa wimbo alifika akiwa nani?"

Sikupanga kulisema. Shija siku ile ya Makoye alikuwa wa pili nyuma yangu, bado kijana, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Hatujawahi kulitaja, na tumekunywa pombe pamoja miaka yote. Alichuchumaa akawa anachora chini kwa kijiti. Wale vijana wengine wakageuka kutazama ng'ombe wa watu. Mwisho akasema, bila kuinua uso, "Basi tafuta wimbo wa kutembea. Wewe si ndiye fundi."

Fundi nikatafuta. Nikawapa ule wa kumsindikiza bibi harusi kwa mumewe. Ule hauna kituo, kwa sababu msafara wa bibi harusi ukisimama njiani ni nuksi, na kila mmoja wao ameutembea tangu utoto. Miguu yao inaujua. Wakacheka sana, wakasema Mabula ataolewa Geita, na mmoja akauliza mume ni nani. Jiandae, utaitwa bibi harusi mpaka masika ijayo. Ni heri uitwe hivyo.

Nikashuka tena. Safari hii maji yalipita masikioni mwangu mfululizo, hayakunipiga, yalinipisha. Kamba ilivuma kama mzinga wa nyuki. Nilitoka kabla sijaanza kuogopa. Tukarudia, tukarudia tena, kisha hata Shija mwenyewe akashuka ili ajue, naye anaogelea kama mfuko wa chumvi. Akatoka. Alikwenda akakaa peke yake kwenye tuta. Nadhani naye alikuwa amesikia sauti ndani ya kamba.

Ameniahidi. Shija ni mtu wa neno lake, na watu wake watatembea, wataimba wimbo wa harusi, kamba haitasimama.

Lakini mimi namjua pia mtu aliyeogopa. Siku kitu kitakapokwenda vibaya, kamba ikikwama kidogo, au mmoja akiteleza, au tope likiwa jingi na wewe ukachelewa kuitikisa, mikono yao itarudi ilikotoka. Mmoja atatupa ubeti wa jembe bila kujua ametupa. Wengine wataitikia. Hawatakuwa wabaya. Watakuwa wanakuvuta kwa moyo wote.

Kwa hiyo ndani ya kifurushi nimekuwekea kisu kifupi, nimekinoa mpaka kinanyoa. Kifunge mkononi, chini kidogo ya kiwiko, usikifunge kiunoni ambako kamba itakibana. Kamba ikisimama mara moja tu, usingoje ubeti. Usijiambie kwamba wanavuta pumzi. Kata. Halafu tafuta bomba la pampu kwa mkono, lipo ukutani siku zote, lipande mkono juu ya mkono. Bomba haliimbi, halichekeshi mtu, linakwenda juu tu. Utaagizwa ubane mikono. Ukiwa unakwenda, bana. Ukiwa umesimama, agizo limekwisha.

Watakasirika. Kamba nzuri itakuwa imeharibika, mwenye shimo atapiga kelele, Shija ataona umemvunjia heshima mbele ya watu wake. Na huenda walikuwa karibu kuvuta, huenda hukuhitaji kukata. Kata hivyo hivyo. Utaomba radhi ukiwa umekaa juani unatetemeka.

Wewe ni mtoto mtiifu, Mabula, na sijui umeutoa wapi, si kwangu. Makoye naye alikuwa mtiifu. Aliiamini kamba kwa sababu aliyeishika alikuwa kaka yake. Mtu yeyote usimwamini kiasi hicho ukiwa chini ya maji, hata ningekuwa ni mimi. Hasa ningekuwa ni mimi.

Habari ya kisu nimemwambia Shija, si vizuri asijue. Hakuipenda. Aliniuliza kamba ikija tupu wao watajuaje kama mtoto yu hai au amebaki chini. Nikamwambia hawatajua, watakaa wangoje, na kungoja si kazi ngumu kuliko yako.

Basi na mimi huku nimejifundisha hivyo. Siku mtu akifika uani kwetu kwa baiskeli, vumbi la Geita mpaka kwenye kope, akisema kamba ya Mabula ilikuja tupu, mama yako atapiga yowe. Mimi nitamshika mkono, nitamwambia anyamaze kwanza, tumwache mtu amalize kusema.

Baba yako,
Jilala